Mume wangu bado anajaza maji bakuli la mbwa aliyekufa

SWALI

Asalaam aleikum dada, pole na kazi. Naomba uniite Mama Zuhura tu, nipo Muheza, na hapa binti yangu ndo ananiandikia kwenye simu maana macho yangu siku hizi hayataki maandishi madogo, nimemwambia aandike ninavyosema asiongeze wala asipunguze.

Shida yangu ni mume wangu. Mbwa wake amekufa tangu mwezi wa 11 mwaka jana na mpaka leo hali yake ni kama kafa juzi. Najua watu wakisoma hapa watacheka, hata mimi mwanzoni nilicheka, ila sa hivi sicheki tena dada, naogopa.

Niseme kwanza huyo mbwa alitokea wapi. Mume wangu alikuwa polisi, na miaka yake ya mwisho kazini alikuwa upande wa mbwa. Mwaka 2013 wakampa mbwa jike, wale wakubwa wa Kijerumani masikio yamesimama, mweusi mgongoni na kahawia miguuni, jina lake Doria. Wamefanya kazi pamoja miaka saba. Mi nilikuwa huku na watoto, yeye yuko kambini, akija likizo hadithi ni moja, Doria kafanya hivi, Doria kakataa kula, Doria leo kapata homa, mpaka nikawa namwambia mzee huyo si mbwa huyo ni mke mwenzangu, tunacheka yanaisha. 2020 akastaafu. Doria naye alikuwa ameshachoka, pua bado iko vizuri ila miguu ndo hivyo, basi zikaandikwa barua zikaenda zikarudi mwisho akaruhusiwa kuja naye. Siku anashuka kwenye noah pale barabarani mkono mmoja begi mkono mmoja kamba ya mbwa mi nilidhani ananitania.

Sasa dada sisi ni waislamu, mtaa wetu karibu wote ni waislamu, unaelewa mwenyewe. Nililalamika sana. Yeye hakubishana. Alijenga banda mwenyewe huko nyuma uani karibu na mwembe, mbali na kisima, akatenga bakuli, akatenga ndoo, akatenga suruali na shati la kumshikia mbwa, na kila swala anaoga anabadilisha kwanza. Miaka minne hajamuingiza ndani hata siku moja. Kuna usiku wa vuli mvua ilipiga banda likavuja, nikajua leo atamleta barazani tutagombana, kumbe alitoka yeye. Asubuhi nimemkuta amekaa kwenye kigoda mule bandani, ameegemea nguzo, mbwa kalaza kichwa juu ya kiatu chake.

Mwaka jana miguu ya nyuma ikakata kabisa. Bwana mifugo alikuja mara tatu, ya tatu akasema mzee huyu anateseka tu, tumchome sindano apumzike. Mume wangu akaomba siku moja, usiku huo hakuja kulala. Asubuhi mi nipo jikoni naangalia kwa dirishani. Mbwa alivyomuona yule bwana anaingia akataka kusimama, miguu hamna, akawa anajivuta kwa ile ya mbele. Mume wangu akamwambia neno moja tu, "Lala." Akalala hapo hapo, akamkazia macho mume wangu wala hakuangalia ile sindano. Doria alikuwa na kovu refu begani, manyoya hayakuota tena, sijui hata lilitokana na nini, basi mkono wa mume wangu ulikuwa juu ya lile kovu na haukutoka mpaka bwana mifugo anafunga mkoba wake.

Kaburi kachimba mwenyewe chini ya mwembe, kijana wa jirani alitaka kumsaidia akamkatalia. Alivyorudi ndani nikamwambia haya alhamdulillah, sasa tutaanika nguo uani kwa raha. Akasema "eeh". Basi.

Toka siku hiyo anaamka saa kumi alfajiri, kabla hata ya adhana, anatoka uani, anachukua lile bakuli analiosha anajaza maji analirudisha pale pale. Mchana anashusha ule mkanda wa shingoni na kamba ya ngozi, anapaka mafuta ya nazi, anafuta taratibu, anatundika tena msumarini. Kwenye bao alikuwa hakosi jioni hata moja, sasa haendi, maana kaka yangu mwenyewe siku moja alisema mbele ya watu jamani mwenzetu kafiwa, pitisheni kofia ya rambirambi, watu wakaangua kicheko, yeye akaacha kete zake akaondoka na hajarudi tena. Anakula nusu sahani. Na mimi ananijibu, hanitukani wala hanigombezi, ananijibu tu kama mtu wa dirisha la posta.

Watu wa hapa wengine wanamkumbuka huyo mbwa, kuna mtoto aliwahi kupotea kwenye mashamba ya mkonge akapatikana usiku, nasikia ni Doria alimpata, ila yeye hajawahi kunihadithia vizuri na mi sijawahi kuuliza.

Sasa dada nisaidie. Jirani ananiambia ni jini la mbwa nimpeleke kwa mtaalamu. Mwanangu wa Dar anataka amnunulie kijimbwa kingine amsahau huyu. Na mimi nataka nimkataze, nimwambie ni dhambi mtu mzima kumhuzunikia mbwa, ila sijui kama kweli ni dhambi, na sijui kama nina haki hiyo. Nifanye nini?

Mama Zuhura, Muheza

JIBU

Waaleikum salaam dada yangu Mama Zuhura, na poleni kwa kufiwa. Nimeandika kufiwa na sijakosea. Nimehesabu kwenye barua yako watu waliozungumza na mumeo tangu mwezi wa 11, bwana mifugo, kijana wa jirani, kaka yako, watu wa bao, wewe, na katika wote hao sijaona hata mmoja aliyemwambia pole. Miezi yote hiyo! Mtu akifiwa na shangazi wa mbali ambaye hawajaonana miaka kumi tunafunga turubai, tunatandika majamvi, daftari la rambirambi linazunguka, akina mama wako kwenye masufuria, wanaume wanakesha nje na kahawa, na mfiwa hata asipotaka kuongea kuna mtu amekaa pembeni yake. Mumeo alichimba peke yake, akafukia peke yake, akaingia ndani akaambiwa nguo zitaanikwa vizuri.

Sikulaumu, nitarudi hapo baadaye. Lugha yetu yenyewe haitusaidii kwenye hili. Mbwa kwetu ni tusi, ukitaka watu wapigane mwite mmoja mbwa. Mtu akifa bila ndugu wala wa kumzika tunasema kafa kifo cha mbwa. Sasa mtu aliyempenda mbwa kweli akifiwa atasema nini na nani atamuelewa, hana hata neno la kuanzia, ndo maana mumeo anaongea na bakuli. Ila ukiangalia vizuri huyu Doria hakufa kifo cha mbwa. Alikufa anamtazama mtu wake usoni na mkono wa mtu wake uko begani. Wako binadamu wengi tu hawakuyapata hayo.

Kabla sijakujibu nilimtafuta mzee mmoja ninayemfahamu, naye alifanya kazi hiyo ya mbwa miaka ya nyuma, nikamsomea barua yako kwenye simu. Nilipofika pale kwenye "Lala" alinyamaza kitambo mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akaanza kunieleza kazi yenyewe ilivyo na mi nataka nikueleze wewe, maana naona umekaa na huyu mwanaume miaka yote na hii kazi yake huijui, na si wewe tu, sisi wote tunaona mbwa na polisi bandarini au uwanja wa ndege tunapita zetu tunashika mabegi.

Anasema siku ya kwanza askari anapopewa mbwa hawaanzi kutafuta wezi. Wanaanza kujuana. Askari ndo anamlisha, anampiga brashi, anamfanyia usafi, anamtembeza, anamkagua makucha na masikio, kila siku, jua mvua, iddi krismasi, na mbwa anazoea sauti moja na mkono mmoja. Halafu ndo mafunzo, na mbwa hajui bangi ni nini wala mwizi ni nani, kwake yeye wote huo ni mchezo, akipata kile alichofundishwa kunusa anarushiwa mpira wake anashangiliwa basi ameridhika. Kila kitu kingine anakifanya kwa sababu mtu wake amemwambia. Na pua yake si ya mchezo, sisi vinusio ndani ya pua ni kama milioni 5 au 6, mbwa wa aina hiyo anafika milioni 200 mpaka 300. Ila mbwa hasemi, kwa hiyo askari lazima ajifunze kumsoma, mkia umepanda kidogo, pumzi imebadilika, kichwa kimerudi nyuma ghafla alipopita pale, hapo ndo kuna kitu. Mwingine akisimama pale pale haoni chochote.

Na mbwa naye anamsoma askari. Hili ndo mzee alilirudia mara mbili. Anasema usiku mnaingia sehemu hujui ndani kuna nani, wenzako wote mnajifanya hamuogopi, ila mbwa anajua, hofu yako inapita kwenye kamba inamfikia. Kwa hiyo kuna kiumbe kimoja tu duniani kilichojua siku zote ambazo mumeo aliogopa kazini. Wewe hukuzijua, alikuwa anakuletea hadithi za Doria kakataa kula.

Hebu mfikirie huko kwenye mkonge usiku. Wewe mtu wa Tanga unajua mkonge ulivyo, mistari inafanana yote, ukiingia hatua hamsini hujui ulikotoka, na kila jani lina ncha kama sindano ya kushonea magunia. Giza. Mtoto yuko humo. Mbwa wamemnusisha kijinguo cha mtoto, kachukua njia, kamba ndefu, mumeo yuko nyuma yake haruhusiwi hata kumpita asije akaharibu harufu, kazi yake ni kumuamini mbwa tu huku ncha zinamchoma miguu. Na nyuma kule kuna mama wa mtoto anasubiri. Mtu aliyepita usiku kama huo na mwenzake, halafu mwenzake akafa, halafu kwenye baraza wakapitisha kofia ya utani, angeweza kurudi kwenye bao? Mimi nisingerudi.

Kwa hiyo swali lako la jini, hapana dada. Jirani yako amekosea. Haya yanawapata watu kila mahali na wala hawana majini. Kule Uingereza kulikuwa na mbwa wa polisi anaitwa Finn, tarehe 5 Oktoba 2016 mjini Stevenage alichomwa kisu kifuani na kichwani wakati yeye na askari wake Dave Wardell wanamkimbiza mtuhumiwa, na yule askari anaamini kabisa kwamba bila Finn kisu kile kilikuwa chake. Mbwa alipona akarudi kazini, akastaafu mwaka uliofuata akakaa nyumbani kwa Wardell. Ila kilichomuuma yule bwana ni kwamba sheria yao ilikuwa inamhesabu mbwa kama mali iliyoharibiwa, kama vile umevunja kioo cha gari. Akahangaika nalo mpaka 2019 wakapitisha sheria mpya, watu wanaiita sheria ya Finn. Finn akafa 2023 ana miaka 14. Na Wamarekani, wakati wa vita ya Vietnam walipeleka mbwa kama 4,000 huko, waliorudi ni kama 200 tu, wengine waliachwa kule kule au wakauawa kwa sababu walihesabiwa kama vifaa vya jeshi vilivyozidi. Askari waliokuwa nao walizeeka na lile donda, wazee wa miaka sabini wanalia wakitaja jina la mbwa, na ilichukua mpaka mwaka 2000 ndo ikapitishwa sheria huko ya kuruhusu mbwa wa jeshi akistaafu achukuliwe na mtu akae naye. Mumeo amebahatika kuliko hao, yeye alishuka na wake kwenye noah.

Na hapa kwetu tu, Morogoro pale Sokoine, si ndo walifundisha wale panya buku wa kunusa mabomu ya ardhini? Mmoja wao Magawa, alizaliwa hapo 2013, akapelekwa Kambodia, alipata mabomu na baruti zaidi ya 100 akapewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Alipokufa Januari 2022 dunia nzima ilitangaza. Panya, dada. Watu walihuzunika kwa sababu walijua kwamba kuna mtoto sehemu fulani ana miguu yake yote miwili kwa kazi ya yule panya. Doria naye kuna mtoto, sijui sa hivi ana miaka mingapi, pengine ameshaoa au kuolewa.

Jambo lingine dogo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Azabu kule Japani mwaka 2015 walipima, wakakuta mbwa na mtu wake wakitazamana machoni, ile kemikali ya mwilini inayomfungamanisha mama na mtoto wake mchanga inapanda kwa wote wawili, mtu na mbwa. Nakwambia hivi ili ukikumbuka ulichokiona dirishani kwamba mbwa hakuangalia sindano ujue kilichokuwa kinapita pale.

Kuhusu dhambi. Mi si sheikh, na ukitaka jibu la uhakika mfuate sheikh wenu mwenye elimu na si watu wa baraza. Ila nililelewa chuoni, yaani madrasa, kama wewe na ninachokijua nitakisema. Kwa madhehebu yetu ya Shafi huku pwani mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, hilo mumeo analijua vizuri kuliko mimi maana ametenga mpaka suruali. Hiyo ni hukumu ya usafi. Haijasema usimhurumie. Kwenye Suratul Kahf wale vijana wa pangoni mbwa wao ametajwa humo humo pamoja nao, amenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni. Suratul Maida inahalalisha windo la mnyama aliyefundishwa, maana yake kumfundisha mnyama kazi si jambo geni kwenye dini. Na hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake, tumeisikia tangu watoto. Mumeo miaka minne hakumuingiza ndani, hakuchanganya chombo, hakuacha swala, akaenda yeye kulala bandani ili wewe usikereke. Ungetaka mwanaume aheshimu dini na mkewe namna gani zaidi ya hapo?

Sasa narudi pale nilipokuahidi. Kuna sentensi moja kwenye barua yako umeipita haraka sana, ile ya kuanika nguo. Mi nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Wewe unaniuliza bakuli, kamba, kulala, kula, kijiwe, na mi naona hayo yote ni huzuni yenyewe ya kawaida ambayo ina muda wake. Ila lile la kukujibu kama mtu wa dirisha la posta, hilo halitokani na Doria, linatokana na ile alhamdulillah. Alikuwa na udongo wa kaburi mikononi. Na wewe nafikiri unajua, usingeiandika, binti yako yuko hapo anaandika na ungeweza kuiruka.

Kamuombe radhi. Najua ni ngumu, mmekaa miaka mingi na huko kuombana radhi kwa maneno pengine hamna mazoea nako, watu wa rika lenu mnaombana radhi kwa kupika chakula kizuri. Pika pia, lakini hii iseme. Usiseme "samahani kama nilikuudhi", hiyo haisaidii. Mwambie baba Zuhura, siku ile umetoka kumzika Doria mi nilisema vibaya, sikujua, na nilikuwa sijakupa pole, pole sana kwa msiba. Maneno hayo tu. Asipojibu usimsukume. Akisema "eeh" tena, nyamaza ukae naye pale pale usiondoke kwenda jikoni.

Na jambo lingine ambalo pengine linamtafuna na hatakuambia, ni ile sindano. Yeye ndo aliyeruhusu, na yeye ndo aliyetoa amri ya mwisho na mbwa akatii. Watu wengi wenye wanyama wanabaki na hilo swali, je ningengoja, je angepata nafuu. Mbwa wakubwa wa aina hiyo magonjwa ya nyonga na mgongo uzeeni yanawapata sana na miguu ya nyuma ikishakata kabisa kwenye umri wa miaka 12 hakuna dawa ya kumrudisha. Mtafute yule bwana mifugo, kwa siri tu, mwombe siku akipita njia hiyo aingie amsalimie mzee, amwambie kwa kinywa chake kwamba ulifanya sawa na hukuwahi wala hukuchelewa. Kutoka kwako hilo neno halitakuwa na uzito, kutoka kwake litakuwa nao.

Kaka yako naye. Hapo mi nimekasirika kabisa. Wewe ndo dada yake, usimtume mtu, mwite mwenyewe umwambie alichofanya, na umwambie amfuate shemeji yake nyumbani, si kwa simu, wakae wazungumze kiume. Kete za bao bado ziko pale. Kama mzee ana wenzake wa kazini waliostaafu, hata mmoja tu aliye karibu, Tanga mjini au Korogwe, mualike siku aje ale mchana. Usiwaandalie mazungumzo, wataanza wenyewe, na wewe kaa karibu usikie, utasikia mambo ambayo hujayasikia tangu mmeoana.

Kijimbwa kipya, mwambie mwanao asubiri. Nia yake nzuri ila mtu aliyefiwa humletei mwingine wa kujaza nafasi, na mbwa mchanga anataka nguvu na moyo wa kumlea, akiletewa kwa nguvu atamwangalia kila siku akiona kwamba si Doria. Siku akitaka atasema mwenyewe, na asiposema basi.

Hospitali naomba mwende, hata kama si ya kichwa. Mtu wa miaka yake anakula nusu sahani na kuamka saa kumi kwa miezi, apimwe presha, apimwe sukari, na daktari aambiwe ukweli wote, mbwa akiwemo, msione aibu. Na ukiona ameanza kukaa kitandani mchana kutwa, au ameacha kuswali na kuoga, au anasema maneno kama afadhali na mimi nimfuate, hapo usingoje wala usiniandikie mimi, siku hiyo hiyo mpeleke, hiyo sonona inatibika ila haitaki kucheleweshwa.

Lile bakuli na ile kamba usiviguse. Usivifiche ukidhani unamsaidia. Ngozi ile ameishika miaka saba kazini na minne nyumbani, jasho lake na harufu ya mbwa viko humo humo, mwache aipake mafuta yake ya nazi. Ila alfajiri moja, usimwambie kabla, amka naye hiyo saa kumi. Vaa khanga zako, chukua mkeka, toka uani ukae. Atashangaa. Mwache aoshe bakuli, ajaze maji, akimaliza umuulize lile kovu la begani Doria alilipata wapi.

Usimuulize kingine. Na atakachokuambia, kama ataruhusu, mwambie Zuhura aniandikie.